Nyimbo za pop na roki za Kijapani zisizovuma kwetu: nielekee wapi baada ya "Plastic Love"?

Msikilizaji wa Usiku

Wanajamvi, habari za jioni. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisikiliza muziki wa Japani, na kama ilivyowatokea wengi, nilianzia pale YouTube iliponiletea "Plastic Love" ya Mariya Takeuchi bila mimi kuiomba. Ikafuata "Mayonaka no Door" ya Miki Matsubara, wimbo wa mwaka 1979 uliokuja kuvuma duniani mwishoni mwa mwaka 2020, miaka 16 baada ya mwimbaji mwenyewe kufariki. Sina ugomvi na nyimbo hizo, lakini kila nifunguapo simu naletewa zilezile ishirini, pamoja na picha zilezile za katuni za magari na taa za usiku. Naomba mnielekeze kwenye nyimbo ambazo mashine hainiletei. Kijapani sikijui zaidi ya salamu, kwa hiyo nina swali la pili: je, kuna faida ya kutafuta maana ya maneno, au niiache sauti ifanye kazi yake?

Babu Santuri

Ndugu Msikilizaji, rudi nyuma kidogo uanze na bendi ya Happy End na wimbo wao "Kaze wo Atsumete", ulio katika albamu ya Kazemachi Roman ya mwaka 1971. Ulisikika katika filamu ya Lost in Translation mwaka 2003, ila wengi waliusikia humo bila kujua walioupiga ni nani. Haruomi Hosono anaimba kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeketi barazani akizungumza na nafsi yake, na maneno yametungwa na mpiga ngoma wa bendi, Takashi Matsumoto, aliyekuwa akiikumbuka Tokyo ya utoto wake, ile iliyobomolewa na kujengwa upya kwa ajili ya Olimpiki ya mwaka 1964.

Siku zile wanamuziki wa Japani walikuwa wakibishana, hata katika kurasa za majarida, kama roki inaweza kuimbwa kwa Kijapani au ni lazima iwe kwa Kiingereza, na Yuya Uchida alikuwa miongoni mwa waliosimama upande wa Kiingereza. Sisi tuliofundishwa kuhesabu mizani tunaielewa hoja hiyo upesi. Silabi za Kijapani, kama zetu, huishia kwa irabu na kila moja hudai nafasi yake. Hata "n" ya mwisho katika neno "Nihon" huhesabiwa kuwa mizani kamili, sawa na "m" ya "mtu". Neno la Kiingereza lililomezwa kwa pigo moja la ngoma, likigeuzwa Kijapani laweza kutaka mapigo matatu au manne. Happy End hawakuukimbia ugumu huo: waliivuta irabu mahali pasipotarajiwa, wakalikata neno katikati na kulisukumia pigo linalofuata. Hilo utalisikia hata kama hujui neno hata moja, na kwa maoni yangu ndiyo raha yenyewe. Maana inaweza kungoja.

Binti Mrima

Shikamoo Babu. Kuhusu Happy End sina neno, lakini hilo la maana kungoja silikubali, na ushahidi wangu ni wimbo "Tokai" wa Taeko Onuki, kutoka albamu ya Sunshower ya mwaka 1977. Onuki aliwahi kuwa katika bendi ya Sugar Babe pamoja na Tatsuro Yamashita, ambaye baadaye ndiye aliyeupanga muziki wa "Plastic Love", kwa hiyo ndugu yetu hatajihisi mgeni sana. Aliyeupanga muziki wa Sunshower alikuwa Ryuichi Sakamoto, kabla ya dunia kumjua kupitia bendi ya Yellow Magic Orchestra.

Ukiusikiliza bila maneno, "Tokai" ni wimbo wa kutamba mjini: besi inadunda, kinanda kinameremeta, na mtu angeuweka bila wasiwasi chini ya zile picha za taa za usiku. Lakini "tokai" maana yake ni jiji, na anayeimba amelichoka; anamsihi mwenzake waachane na maisha ya kubahatisha siku kwa siku, warudi nyumbani. Asiyejua hilo anacheza kwa furaha wimbo wa mtu anayeaga. Albamu hiyo haikuuzika sana ilipotoka. Mwaka 2017 kipindi kimoja cha televisheni cha Japani kilimwonyesha Mmarekani aliyesafiri hadi huko kuitafuta santuri yake, na Wajapani wenyewe wakaanza kuulizana ni albamu gani hiyo.

Tena jambo hili si geni. "Ue wo Muite Arukou" wa Kyu Sakamoto uliposhika nafasi ya kwanza Marekani mwezi Juni 1963, uliuzwa kwa jina la "Sukiyaki", ambalo ni jina la chakula cha nyama. Ni wimbo wa mtu anayetembea ametazama juu ili machozi yasimdondoke.

Mzee wa Besi

Mimi nimekulia kwenye rege, kwa hiyo nitakupeleka kwa Fishmans wa Tokyo, walioanza mwaka 1987 wakifuata rege na roksteady, mtangulizi wa rege, kisha wakaiyeyusha taratibu hadi ukabaki mwangwi na besi. Anza na "Night Cruising" ya mwaka 1995. Ukiupenda, tenga dakika 35 kwa ajili ya "Long Season" ya mwaka 1996, albamu nzima yenye wimbo mmoja. Kinanda kinarudia noti chache zilezile, besi ya Yuzuru Kashiwabara inazunguka chini yake, na Shinji Sato anaimba kwa sauti nyembamba, karibu ya mtoto, kuhusu kuipita Tokyo pembe hadi pembe wakiwa nusu ndotoni. Katikati maneno hukoma na ngoma huachwa zizungumze peke yake kwa muda mrefu. Hapo wengi huchoka, nami nakusihi uvumilie. Tafadhali usiusikilize kwa spika ya simu, maana besi yote itapotea na utabaki kushangaa ninasifu kitu gani.

Ipo pia rekodi ya onyesho la tarehe 28 Desemba 1998, lililokuwa la kumuaga Kashiwabara aliyekuwa akiiacha bendi. Sato alifariki Machi 1999 akiwa na umri wa miaka 33, na onyesho hilo likawa la mwisho kwake.

Mwana wa Kisiwani

Nashangaa hakuna aliyeutaja "Shima Uta" wa The Boom. Najua Japani kila mtu anaujua, lakini mada inasema zisizovuma kwetu. Mtunzi wake, Kazufumi Miyazawa, si mtu wa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani; aliutunga baada ya kulitembelea jumba la makumbusho la Himeyuri na kusikia habari za vita vya mwaka 1945 kutoka kwa mwanamke aliyenusurika. Kijuujuu ni wimbo wa wapendanao waliokutana katika shamba la miwa na kuagana chini ya miwa hiyohiyo. Chini ya mashamba yale kulikuwa na mapango ambamo raia walijificha, na wengi humo walijiua.

Sasa sikilizeni ufundi. Karibu wimbo wote unafuata skeli ya Okinawa, yaani mpangilio wa noti wa muziki wa huko, lakini ukifika kwenye beti za shamba la miwa skeli hiyo inaachwa. Miyazawa ameeleza kwamba hakuweza kuutumia muziki wa Okinawa kusimulia vifo vilivyosababishwa na Japani bara. Na yale maua ya deigo yanayofungua wimbo ni mekundu, ya mti wa jamii moja na mwamba-ngoma wetu.

Babu Santuri

Marahaba, Binti Mrima. Huo ulioletwa na Mwana wa Kisiwani umevuma hadi Argentina, ambako Alfredo Casero aliuimba kwa Kijapani na ukashabikiwa wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2002, kwa hiyo sioni kama unaingia katika mada. Hilo la skeli, hata hivyo, sikulijua, na santuri ninayo miaka yote hii. Kuhusu maana kungoja, nalegeza msimamo.

Msikilizaji wa Usiku

Nawashukuru nyote. "Shima Uta" nimeusikiliza mara tatu nikisubiri ile skeli ibadilike. Mara mbili za mwanzo ilinipita, na ya tatu nikaikamata. "Long Season" nimeuhifadhi kwa safari ya basi ya Jumamosi kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, na spika za masikioni nimeazima. Je, kuna mwimbaji wa kike mwenye makali zaidi ya Onuki?

Binti Mrima

Mtafute Jun Togawa, "Mushi no Onna", mwaka 1984. Muziki ni Kanoni ya Pachelbel, ile ya harusini. Maneno ni ya mwanamke aliyengoja mpenzi msituni hadi akageuka mdudu. Tafadhali usiupige harusini.