Jina na urefu wa vidio ndani ya mpv kwa programu huria tupu

Mwanjelwa_Huria: Wakuu, poleni na baridi. Natumia Debian 12 (mfumo wa Linux). VLC nikiipa kiungo cha YouTube inaonyesha kiungo chenyewe badala ya jina la vidio, na mara nyingi haichezi. Nataka nione jina, chaneli na urefu kabla bando halijaanza kuliwa. Kujisajili Google nipewe ufunguo wa API (njia ya programu kuomba taarifa kwa tovuti) sitaki.

Kihesa_Iringa: VLC inategemea skripti ya Lua, `youtube.luac`, inayosoma ukurasa wa YouTube moja kwa moja. Ukurasa ukibadilishwa, skripti haioni kitu. Hamia mpv, kichezaji cha vidio, ikisaidiwa na yt-dlp, programu inayochota vidio na taarifa zake. Ila yt-dlp ya apt (kisakinishi cha Debian) achana nayo: iliyomo Debian 12 ni ya Machi 2023. Na pip, kisakinishi cha programu za Python, itakugomea kwa kosa la `externally-managed-environment`. Tumia pipx, inayoweka kila programu mahali pake peke yake:

`sudo apt install mpv pipx`
`pipx install "yt-dlp[default]"`
`pipx ensurepath`

Fungua teminali upya, kisha:

`yt-dlp --print "%(title)s | %(channel)s | %(duration_string)s" "KIUNGO"`

Hapo vidio haipakuliwi. Kiungo kiwe ndani ya alama za nukuu, maana shell (inayosoma amri za teminali) ikikuta `&` inakikata hapo hapo. Kwa orodha ndefu ongeza `--flat-playlist`. Inakwenda haraka kwa sababu haifungui vidio moja moja, lakini tarehe utaikuta NA, yaani haipo.

Mwanjelwa_Huria: Majina yametoka, asante mkuu. Kwenye teminali mpv inacheza vizuri, ila nikiifungua kwa menyu inakataa.

Kihesa_Iringa: Menyu haiijui `~/.local/bin`. Andika hivi ndani ya `~/.config/mpv/mpv.conf`, ukiweka jina lako:

`script-opts=ytdl_hook-ytdl_path=/home/JINA/.local/bin/yt-dlp`
`ytdl-format=bestvideo[height<=480]+bestaudio/best`

Mstari wa pili ni wa kuokoa bando. Vidio ikicheza, bonyeza `i` uone kodeki (aina ya mbano wa picha na sauti) na ukubwa wa picha. Siku ikigoma, kabla ya kugusa chochote, `pipx upgrade yt-dlp`.

Tukuyu_Mvua: Nyongeza. Tangu Novemba 2025 yt-dlp inahitaji injini ya JavaScript, hasa Deno, ili YouTube ifanye kazi kikamilifu. Ukiikosa, baadhi ya fomati hazionekani. Kama shida yako ni taarifa tu, `--ignore-no-formats-error` inazitoa hata fomati zikikosekana.

Lakini wakuu, "huria tupu" hapo ina doa. Deno ni huria, sawa. Msimbo inaouendesha ni wa YouTube, na huo si huria. Anayetaka usafi kamili atafute vidio zilizoko PeerTube, jukwaa huria la vidio lenye seva nyingi. Kule API iko wazi, haidai ufunguo:

`curl -s https://SEVA/api/v1/videos/KITAMBULISHO | jq '.name, .channel.displayName, .duration'`

Urefu unakuja kwa sekunde, kwa hiyo 754 ni dakika 12 na sekunde 34. Ukipata `null` zote tatu, umekosea kitambulisho.