Je, Ziwa Tanganyika linaweza kuleta tsunami?

Mwalo_Kibirizi: Wakuu, wengi wanasema tsunami ni ya baharini tu. Sisi wa Kigoma, ardhi ikitikisika, tuliogope ziwa?

Mtaalamu_Miamba: Mkuu, chumvi haihusiki. Tsunami huanza sakafu ya maji inapopanda au kushuka ghafla, au mteremko wa chini ya maji unapoporomoka. Sumatra, 26 Desemba 2004, tetemeko la ukubwa wa 9.1 liliinua sakafu ya bahari. Walikufa zaidi ya watu 200,000. Tanganyika limo ndani ya Bonde la Ufa, kina hufika mita 1,470, na kuta zake ni kali. Tetemeko la 6.8 lilipiga huku Desemba 2005. La ukubwa wa Sumatra silitarajii, ila poromoko la udongo linatosha kuangamiza mwalo mmoja.

Hesabu_za_Maji: Zidisha kina cha maji (kwa mita) kwa 9.8, yaani nguvu ya mvutano wa dunia, tafuta kipeuo cha pili: hiyo ni kasi ya wimbi kwa mita kwa sekunde. Kina cha wastani, mita 570, kinatoa kama kilomita 270 kwa saa. Upana wa kilomita 50 unakatika kwa dakika 11 hivi. Penye mita 10 kasi hushuka hadi kilomita 36 kwa saa, maji ya nyuma yanayakuta ya mbele, yanarundikana. Ndiyo maana aliye kilindini kwenye mtumbwi haoni kitu, wa mwaloni anazolewa pamoja na vichanja vya dagaa.

Mwalo_Kibirizi: Dakika 11! Tufanye nini?

Mtaalamu_Miamba: Msisubiri tangazo. Mtikisiko ukizidi sekunde 20, au maji yakirudi nyuma ghafla samaki aina ya migebuka wakabaki wanarukaruka mchangani, msiokote! Pandeni kuelekea mtaa wa Mwanga, hapo hapo Kigoma, kwa miguu. Msishuke baada ya wimbi la kwanza. La pili au la tatu huweza kuwa kubwa zaidi.