Mtoto kusema -3 ni irashino, kosa lake au la lugha tunayomsomeshea?

Mleta mada, Chake Chake:
Assalam aleikum jamani. Juzi nakagua daftari la mtoto wa dada yangu, fomu wani, kaulizwa -3 ni rashino au irashino (rational au irrational za Kiingereza), kaandika irashino. Namuuliza kwa nini, ananambia "mjomba si ina alama ya kutoa hiyo, na i ya mwanzo maana yake si". Yaani kaitafuta maana kwenye jina kwa vile hakupewa pengine pa kuitafuta! Rashino ni namba yoyote inayoandikika kwa sehemu, juu namba kamili na chini namba kamili isiyokuwa sifuri, basi; ya kwenye mstari wa namba isiyoandikika hivyo ndo irashino. -3 ni -3 juu ya 1. Hasi inakwambia tu uko upande gani wa sifuri. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilisema hesabu zisomeshwe Kiingereza tangu darasa la tano, na mie naona hapo ndo watoto walipoanza kukariri majina. Zirudi Kiswahili.

Wa Wete:
Maalim sikubaliani. Lugha haina kosa, mtoto hakusomeshwa tu, hata hizo rashino ukiziita kwa Kiswahili namba wiano atauliza wiano ndo nini. Na mbona kipeuo cha pili cha -4 hakipatikani, si irashino hiyo?

Mleta mada:
Yakhe hicho si rashino wala irashino, hakimo kabisa kwenye namba halisi, zile za kwenye mstari wa namba, maana hakuna namba halisi ukiizidisha kwa yenyewe ikatoa hasi. Hasi ikikaa nje ni mambo mengine, -√4 ni -2, rashino safi. -√2 ndo irashino, lakini hasi haihusiki, √2 tokea hapo ni irashino. Chukua fremu ya mraba mita 1 kila upande, pima kamba kona kwa kona, hiyo ni √2. Iteremshe kisimani, usawa wa ardhi uite sifuri, ncha yake iko -√2 na kamba ni ile ile haijarefuka wala kufupika. Ingekuwa -√2 inaandikika kwa sehemu ungegeuza alama tu na √2 nayo ingeandikika, na haiandikiki.
Wiano akiniuliza namjibu kwa wali, vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele, kashaelewa. Rashino nimjibu kwa nini?

Wa Unguja:
Kwa wali nimekuelewa, ila mtihani wa fomu foo unakuja kwa Kiingereza, atafanyaje huyo siku hiyo?

Mleta mada:
Basi na mtihani ubadilike, mbona twaogopa kulisema hilo? Jana nimemrudia kwa Kiswahili kitupu, nikampa -22/7 na -π, maana skuli wameshamzoesha kuwa ni kitu kimoja. Kakaa kimya muda, akasema ya kwanza rashino, imeshaandikwa sehemu, na hiyo pai mjomba kumbe 22/7 ni ya kukaribisha tu?

Wa Wete:
Hapo kwenye pai hata mie nilikuwa sijui.