Corolla 110 inachemsha mlima wa Newala, themostati ilishatolewa. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Mikindani
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla 110 ya 1998, injini 5A, aliniachia mjomba. Nakaa Mikindani na ukweni ni Newala, kwa hiyo kila likizo lazima nipande. Tambarare haina neno. Mingoyo, Mtama, Nyangao mpaka Ndanda mshale wa joto umelala chini kama gari halijawashwa. Nikishatoka Masasi nikaanza kuupanda ule mlima, na mshale nao unapanda. Safari iliyopita nilisimama kwenye kona, mke kashuka na mtoto mgongoni, nafunua boneti, mvuke mtupu. Basi likapita, konda akanipungia mkono kama ananiaga.

Miaka miwili nyuma kuna fundi aliitoa themostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ya injini kwenda rejeta. Akasema hiyo ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi. Mimi nafundisha Jiografia, ikaniingia akilini kabisa! Rejeta naongeza maji ya kisima cha nyumbani. Siku hizi inakunywa mafuta kuliko zamani. Nataka nifanye mwenyewe uani: spana ninazo, likizo ninayo, hela ya kubahatisha sina.

Kijana wa Chikongola
Mwalimu funga rejeta ya Mark II, gari kubwa kuliko lako, umalize kazi. Nilimfungia shemeji yangu, mpaka leo hajarudi.

Fundi mstaafu, Masasi
Hajarudi kwa kuwa imepona, au kwa kuwa haijafika?

Mwalimu, usinunue rejeta kwanza. Themostati ya 5A imekaa upande maji yanakoingilia injini, na ina kazi mbili. Ikipata joto inafungua njia ya kwenda rejeta, na papo hapo sahani yake ya nyuma inaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji ya moto ndani ya injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Tambarare hutaona kitu, injini haina kazi kubwa, tena inapoa kupita kiasi. Mlimani ndipo maji yote yanatakiwa yapite rejeta, na sehemu yake yanakatiza tu. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinasema wazi isitolewe hata kama gari linachemsha. Na mafuta nayo yanaishia hapo hapo: kompyuta ikiona injini ni ya baridi inazidisha petroli.

Kabla hujafungua bolti hata moja, asubuhi gari likiwa baridi toa mfuniko wa rejeta, washa, uangalie. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imekwenda, hapo urudi tuongee mengine. Kama maji yametulia, endelea.

Nunua themostati ya nyuzi 82. Usiifunge kabla ya kuichemsha. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, weka jikoni. Inatakiwa ianze kufunguka maji yakiwa hayajachemka, na ukiitoa ikapoa ijifunge yenyewe. Isiyofunguka rudisha dukani, feki zimejaa. Ukiifunga, kale kapini kanakochezacheza kakae juu, ndiko hewa inakotokea. Halafu mfuniko wa rejeta: kama raba yake imekakamaa, tupa. Mfuniko mzima wa 0.9, yaani shinikizo la bar 0.9, unafanya maji yachemke karibu nyuzi 118 badala ya 100. Watu wanabadilisha injini kwa sababu ya mfuniko.

Feni: swichi ya gari imewashwa, injini baridi, chomoa waya wa swichi ya joto ya feni. Feni iwake. Isipowaka, angalia fyuzi na rilei kabla ya kulaumu mota.

Mama Corolla, Lindi
Mimi naomba niongelee kisima. Kaka, visima vyetu vya pwani vina chumvi. Kama birika lako lina ukoko mweupe ndani, basi na rejeta ni hivyo hivyo, ila kule kuna aluminiamu na inaliwa. Mimi nilipofungua mpira wa chini yalitoka matope ya rangi ya chai. Suuza mpaka yatoke meupe, fungua hita upande wa moto ili na kule kusafishike, kisha weka kulanti, yale maji ya rangi ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu. Ya kwangu ilimeza lita tano na kidogo. Kama umenunua ile nzito isiyochanganywa, changanya nusu kwa nusu na maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi na siyo asidi, wala siyo ya kisima.

Mwalimu wa Mikindani
Nimerudi. Mapovu hakuna, namshukuru Mungu. Themostati ya kwanza ilikaa kwenye sufuria mpaka maji yakachemka, haikutikisika. Nikairudisha, muuzaji akaniangalia kama nimemtukana. Ya pili ikafunguka vizuri. Mfuniko ulikuwa umekufa kweli. Jumamosi nimepanda Newala tuko wanne na magunia mawili ya mihogo, mshale umesimama chini kidogo ya nusu, haukusogea. Sufuria nimenunuliwa nyingine, ile mke amesema ni ya gereji sasa.

Ila tangu nisuuze, kapeti upande wa abiria limelowa. Nini tena?

Fundi mstaafu, Masasi
Gusa hayo maji. Kama ni meupe hayana utelezi, ni ya AC, bomba lake la kutolea limeziba, lizibue tu. Kama yana rangi ya kulanti na harufu tamu tamu, rejeta ndogo ya hita imetoboka, chumvi ilishaila na tope ndilo lililokuwa limeiziba.

Mwalimu wa Mikindani
Yana rangi.

Fundi mstaafu, Masasi
Basi zitoe zile hosi mbili za hita zinazoingia ndani ya gari, ziunganishe zenyewe kwa zenyewe kwa kipande cha bomba na klipu. Gari litatembea bila hita. Hiyo sasa ndiyo ya nchi za baridi.