Je, sheria iweke kikomo cha wagonjwa wa muuguzi mmoja?

Mtoa mada

Ndugu wachangiaji, naleta swali ambalo limewagawa wabunge, vyama vya wauguzi na wamiliki wa hospitali katika nchi kadhaa kwa zaidi ya miaka 20: je, idadi ya wagonjwa anaokabidhiwa muuguzi mmoja katika zamu ipangwe na sheria, au iachwe mikononi mwa uongozi wa hospitali? Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Ipangwe na sheria, na hospitali inayoivunja iadhibiwe.

Ugumu wa uuguzi unapozungumzwa, watu hutaja mshahara mdogo, zamu za usiku, hatari ya kuchomwa na sindano iliyokwisha kutumika, na matusi ya ndugu wa wagonjwa waliochoka kusubiri. Yote hayo yapo. Hata hivyo, ukiwasikiliza wauguzi wanapokabidhiana zamu, malalamiko yanayojirudia kuliko mengine ni kuhusu kazi wanayoijua vizuri ambayo hawakupata muda wa kuifanya. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa chache asije akapata vidonda vya kulalia. Mama aliyejifungua kwa mara ya kwanza anahitaji mtu wa kukaa naye mpaka mtoto ashike ziwa sawasawa. Anayerudi nyumbani na insulini hana budi kujifunza kujichoma mwenyewe huku muuguzi akimtazama, si kupewa karatasi ya maelezo akiwa mlangoni. Hakuna muuguzi aliyefuzu asiyeyajua haya. Yanaachwa kwa sababu mikono ni miwili na vitanda ni ishirini.

Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria ya aina hii mwaka 1999, na utekelezaji ukaanza 2004: katika chumba cha wagonjwa mahututi muuguzi hapewi zaidi ya wagonjwa 2, na katika wodi za kawaida za matibabu na upasuaji, tangu 2005, hapewi zaidi ya 5. Nchini Australia, jimbo la Victoria liliweka viwango vyake katika sheria mwaka 2015 na Queensland likafuata 2016. Na hoja ya kikomo si huruma tu. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na mtafiti wa uuguzi Linda Aiken katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ukaonyesha kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 tangu alipolazwa, na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi mwenyewe kuchakaa kwa uchovu wa kazi. Ndege ikibebeshwa mzigo uliozidi kipimo, rubani anakatazwa kuruka, wala hakuna anayemwambia ajitahidi. Naomba anayepinga atueleze kwa nini wodi iwe tofauti.

Msimamizi wa hospitali

Ninapinga, na ninaomba nisikilizwe kabla ya kuhesabiwa miongoni mwa wasiowajali wauguzi, kwa sababu ni mimi ninayepanga ratiba zao na ninayepigiwa simu saa nane usiku mmoja wao anapougua.

Kwanza, hospitali zenye wauguzi wengi mara nyingi ndizo zenye fedha nyingi, madaktari bingwa wengi na vifaa bora. Kuambatana kwa mambo mawili hakuthibitishi kwamba moja ndilo lililozaa jingine. Pili, namba isiyobadilika haitambui ugonjwa. Wagonjwa 6 wanaosubiri barua za kuruhusiwa ni kazi nyepesi kuliko wagonjwa 3 ambao shinikizo lao la damu linapanda na kushuka. Muuguzi msimamizi aliyesimama wodini anaona tofauti hiyo kwa dakika moja, ilhali mbunge aliyeketi mbali hawezi kuiona kabisa. Tatu, majeruhi wa ajali hawasomi sheria. Muuguzi wa idara ya dharura akishafikia kikomo chake, niwaambie wanaoletwa kwenye machela wasubiri nje?

Mtoa mada ametaja majimbo yaliyokubali. Angetaja pia Massachusetts, jimbo jingine la Marekani, ambako pendekezo la namna hii lilipigiwa kura ya wananchi mwaka 2018 na takribani watu 7 katika kila 10 wakalikataa. Wauguzi wenyewe hawakuwa na kauli moja: chama chao kimoja kililipigania pendekezo, kingine kikalipinga.

Muuguzi wa wodi ya upasuaji

Ndugu msimamizi ameeleza vizuri kazi ya kupanga ratiba. Mimi nieleze inavyokuwa upande wa pili wa ratiba hiyo, maana hoja ya namba inazungumzwa kana kwamba wagonjwa wote wanakaa kimya wakisubiri kuhesabiwa.

Chukueni mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo jana. Saa nne usiku anapumua mara 16 kwa dakika. Saa saba anapumua mara 24, anavuta-vuta shuka, anauliza swali lile lile mara ya pili, na ngozi ya mikono yake imeanza kuwa baridi. Shinikizo la damu bado ni la kawaida, kwa hiyo anayesoma mashine peke yake ataandika kwamba hali ni nzuri. Muuguzi mwenye nafasi ya kusimama pale kwa dakika moja nzima, akihesabu kifua kinavyopanda na kushuka badala ya kukadiria, ataanza kushuku kwamba kuna maambukizi yanayoingia kwenye damu au damu inayovuja ndani. Atamwita daktari, atamwekea oksijeni, atahakikisha kanula (mrija mdogo wa kwenye mshipa) inafanya kazi na atachukua damu kwa vipimo. Saa mbili baadaye shinikizo likianza kuporomoka, tayari mgonjwa yuko mikononi mwa watu wanaojua wanachotafuta. Muuguzi mwenye wagonjwa 20 hupita kitanda hicho akiwa na sinia ya dawa, anamuuliza kama ana maumivu, anajibiwa hapana, anasonga mbele. Huyo hakuwa mzembe. Alikuwa na vitanda kumi na moja mbele yake na dripu mbili zilizokuwa zinakaribia kuisha.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotutetea mara nyingi hulisahau, nalo ni kwamba kazi hii ina utamu. Sizungumzii shukrani, zawadi wala pongezi za siku ya wauguzi kila tarehe 12 Mei, ambazo huisha tarehe 13. Nazungumzia ile raha ya kitaaluma ya kuliona tatizo kabla halijapata jina. Ya kumwona mtu aliyeletwa akiwa hajitambui akigombana nawe kwa sababu uji wake umepoa. Ya kumfundisha mwenzako mchanga kuutafuta mshipa kwa ncha ya kidole badala ya macho, kisha kumwona akifaulu kwa jaribio la kwanza. Wauguzi wengi wangevumilia mshahara wa wastani, na hata usiku mrefu, kama wangerudi nyumbani wakijua kwamba kazi ilifanyika. Wanaoacha, kwa niliowaona, wengi waliacha baada ya raha hiyo kufifia kwa kukosa muda. Kwa hiyo namuunga mkono mtoa mada, ingawa sababu zangu si zake zote: kikomo kinamlinda mgonjwa, na pia kinalinda kile kinachomfanya muuguzi abaki.

Ndugu wa mgonjwa

Mimi si mtaalamu, na sina hakika kama sheria ndiyo dawa. Ninachotaka ni kujua. Kule England, baada ya uchunguzi wa umma uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu vifo na uzembe katika hospitali ya Stafford, hospitali zilitakiwa kuanzia 2014 kutangaza kila mwezi idadi ya wauguzi waliopangwa na idadi ya waliofika kazini. Kwa nini tusianze na hapo? Ubao mmoja mlangoni mwa wodi, wenye namba mbili, ungenifaa kuliko ahadi zote. Ningejua kama dada aliyechelewa kumletea mama yangu chombo cha kujisaidia alikuwa amekaa, au alikuwa peke yake.

Mchambuzi wa sera za afya

Naomba kupanua swali, kwa sababu mpaka sasa tunazungumza kana kwamba wauguzi wapo mahali fulani wakisubiri sheria iwaite. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inakadiria kwamba dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023 na upungufu wa milioni 5.8. Asilimia 78 ya wauguzi hao wako katika nchi zenye asilimia 49 tu ya watu wote duniani. Takribani mmoja katika kila 7 anafanya kazi katika nchi ambayo hakuzaliwa.

Sasa fikirini nchi tajiri ikipitisha sheria ya kikomo bila kuongeza nafasi katika vyuo vyake. Itatafuta wauguzi elfu kadhaa kwa haraka, na itawapata kwa nani? Itawapata katika nchi ambako muuguzi mmoja tayari anahudumia wodi nzima, naye ataondoka, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu kwa kufuata maisha bora. Kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010 kuhusu uajiri wa wahudumu wa afya kutoka nje zinahimiza nchi zisiwachote wataalamu kutoka mahali penye upungufu mkubwa, lakini ni za hiari, na hakuna mahakama inayozisimamia. Sheria inayomwokoa mgonjwa wa hapa kwa kumnyang'anya muuguzi mgonjwa wa kule inahitaji kujadiliwa kwa makini zaidi ya hivi. Na la kushangaza ni kwamba katika nchi kadhaa zenye upungufu huo huo wapo wauguzi waliofuzu wasio na ajira, kwa sababu fedha za kuwalipa hazikutengwa. Kwao tatizo si sheria wala chuo, ni bajeti.

Mtoa mada

Nawashukuru wote, na nianze na ndugu msimamizi. Pingamizi lake la kwanza lilikuwa na nguvu zaidi kabla ya mwaka 2021, ulipochapishwa utafiti wa Queensland uliozilinganisha hospitali zilizowekewa kikomo na zile ambazo hazikuwekewa, kabla na baada ya sheria. Katika hospitali zilizowekewa, hali ya wagonjwa iliimarika zaidi, siku zao za kukaa wodini zikapungua zaidi, na waliorudishwa hospitalini hawakuongezeka kama walivyoongezeka kwingine. Na gharama iliyoepukwa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya gharama ya wauguzi walioongezwa. Huo haulinganishi hospitali tajiri na maskini, bali kila hospitali na jinsi ilivyokuwa awali.

Kuhusu ukali wa ugonjwa, kikomo ni dari ya idadi ya wagonjwa tu. Sheria ya California inataka hospitali pia ipime hali za wagonjwa na kuongeza wauguzi pale wanapohitaji uangalizi zaidi, na kwa dharura zisizotabirika kuna msamaha. Busara ya muuguzi msimamizi inabaki na kazi, ila haiwezi tena kutumiwa kuhalalisha upungufu wa kila siku.

Pendekezo la ndugu wa mgonjwa nalikubali kama hatua ya kwanza, si kama mbadala, maana aliyelazwa akiwa mahututi hana nafasi ya kusoma ubao na kuchagua hospitali nyingine. Hoja ya mchambuzi ndiyo inayonibana. Jibu langu ni kwamba sheria ianze kutumika kwa awamu, wodi moja hadi nyingine, na kila awamu ifungamanishwe na fungu la fedha la kufundisha na kuajiri wauguzi wa ndani, kwanza wale waliofuzu na wako nyumbani.

Msimamizi wa hospitali

Utafiti wa Queensland ninaufahamu, na nakiri kwamba unanipunguzia hoja moja. Lakini fedha hiyo iliyoepukwa huonekana katika vitabu vya serikali mwishoni mwa mwaka, wakati mishahara inatoka kwenye akaunti yangu mwishoni mwa mwezi. Nikilazimishwa kuajiri wauguzi bila kuongezewa fungu, nitapunguza wahudumu wa usafi, wasukuma machela na wasaidizi wa wodi. Mtoa mada atakuwa amepata namba yake.

Muuguzi wa wodi ya upasuaji

Hapo msimamizi amegusa penyewe, na ni jambo ambalo sheria nyingi za namna hii huliacha wazi. Muuguzi mwenye wagonjwa 5 ambaye ndiye anayesukuma machela kwenda eksirei, anayetafuta shuka safi ghala hadi ghala, anayepokea simu na kufuta sakafu iliyomwagikiwa mkojo, ana wagonjwa 5 kwenye karatasi tu. Kama tutaandika kikomo, basi kifungu kinachofuata kikataze kupunguza wasaidizi kwa kisingizio cha kukitimiza, na kiseme wazi kwamba anayehesabiwa ni muuguzi aliyepo wodini kwa ajili ya wagonjwa, si msimamizi aliye ofisini, si mwanafunzi, wala si yule aliyetumwa idara nyingine tangu asubuhi.