Mnemba: mvuvi afukuzwe, mtalii akaribishwe?

Mleta mada: Wadau, tujadili hili bila matusi. Kisiwa cha Mnemba, kaskazini mashariki ya Unguja, kiko chini ya hifadhi ya bahari tangu 2002. Mvuvi akisogelea mwamba wa kisiwa na dema lake la kutegea samaki, anafukuzwa. Sawa. Lakini njoo saa tatu asubuhi maji yakijaa. Boti za Muyuni, Matemwe, Nungwi na Kendwa zote zinakutana pale pale. Juzi nilihesabu 31 nikachoka. Pomboo wakiibuka, manahodha wanafungulia mashine kwenda kuwakata mbele, wageni wanarushwa majini, pomboo wanazama. Wasiopata boya la kufungia boti wanatupa nanga juu ya matumbawe. Baba yangu alikatazwa kuvua pale ili mwamba upumzike. Kwa hiyo upumzike kweli: boti ziwekewe idadi kwa siku, na isiyofunga kwenye boya isiingie.

Nahodha wa Nungwi: Shehe, we una mshahara? Mashine yangu ni ya mkopo. Msimu wenyewe mfupi, kusi likishika kasi upande ule wageni wanatapika hata hawajavaa miwani ya kuzamia. Ukiweka idadi, vibali vitaliwa na wenye mahoteli, sie wa pwani tutabaki kuwabebea mitungi ya kuzamia. Hilo la pomboo nakubali ni aibu. Lakini papasi, yule anayetafuta wageni ufukweni, ameshamuahidi mgeni pomboo, na mgeni asipowaona hela anataka kwangu, si kwa papasi.

Mkufunzi wa kuzamia: Mnawachanganya watu wawili. Mzamiaji wa mtungi aliyefundishwa vizuri anaelea katikati ya maji, hagusi chini. Balaa ni huyu wa kuogelea juu juu, aliyepewa miwani na mapezi dakika tano zilizopita. Akipaliwa anatafuta pa kusimama, na pa kusimama ni tumbawe. Yale ya matawi yanakatika kama biskuti, ukiwa chini unasikia mlio wake. Yale ya mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo lenye ukubwa wa meza linaweza kuwa na umri wa babu zetu. Mimi ningelazimisha koti la kuelea kwa kila asiyejua kuogelea, kabla ya kugombania idadi ya boti. Na tuseme ukweli, joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi ukanda huu wote bila boti hata moja kuhusika.

Mleta mada: Ndiyo maana, mwalimu. Mgonjwa aliyetoka homa unamrushia nanga?

Mgeni kutoka Wasini: Huku kwetu Kenya kuna mpaka. Hifadhi ya bahari ya Kisite hakuna kuvua kabisa, ile ya jirani ya Mpunguti uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa, na mtalii analipa tiketi kwa Shirika la Wanyamapori. Wazee bado wananung'unika, ila angalau kila mtu anajua pake.

Mama wa Matemwe: Wanangu, mnaongea kama bahari ni ya wenye boti tu. Mimi ni wa mwani na pweza. Maji yakitoka tunakwenda kwa miguu, na mwamba ukifa hatuna pa kuchokoa. Na wale wanaoitaja Chumbe, kisiwa kingine cha hifadhi hapa Unguja, kila siku kuwa mfano, Chumbe ni hoteli moja yenye mabanda saba, na kuzamia kwa mitungi wageni hawaruhusiwi. Inapendeza, lakini kijiji kizima hakiwezi kula kwa mabanda saba. Swali langu ni moja: ada anayolipa mgeni kuingia Mnemba, kijijini inaingia kiasi gani? Isomwe kwenye mkutano wa shehia, kwa sauti, halafu ndiyo mtuambie nani apunguzwe.

Nahodha wa Nungwi: Mama kasema. Na maboya je? Yaliyopo hayatoshi. Siku nyingine unazunguka nusu saa, mgeni anaangalia saa.

Mleta mada: Mama, hilo la ada nimelikosa kabisa kwenye hoja yangu, naliongeza. Na vibali, nakubali, vianze kwa boti za vijiji vinavyopakana na mwamba. La nanga sirudi nyuma. Nahodha, Ijumaa baada ya sala nitakuwa Muyuni na miwani miwili. Kuna nanga imenasa kwenye mwamba, upande wa Kichwani, kamba yake bado inacheza na mkondo na imeshasugua tumbawe likabaki jeupe. Tuzame wote, kisha uniambie boya lingegharimu shilingi ngapi.

Nahodha wa Nungwi: Ijumaa nina wageni. Jumamosi.