Arifa mia mbili usiku mmoja, na ile ya maana ikatupita. Tuanzie wapi?

Zamu_ya_Usiku

Wakuu, salaam. Idara yetu ya mifumo ina watu watatu tu, na seva tunazosimamia ni sitini na kitu, nyingine ziko kwenye wingu na nyingine tunazo wenyewe. Mwaka jana tuliweka Zabbix, programu ya kufuatilia hali ya seva, tukawasha violezo vyote vya kengele vinavyokuja nayo, arifa zote tukazielekeza kwenye kundi moja la simu. Mwanzoni tulifurahi kwa sababu kila kitu kilionekana. Sasa hivi usiku mmoja unaleta arifa mia mbili na zaidi: prosesa imepita asilimia 80, memori imebaki kidogo, diski imefika kiwango. Hakuna anayezisoma tena.

Wiki iliyopita mfumo wa malipo ulikaa chini dakika 50. Arifa yake ilikuja, tena mapema, lakini ilizama katikati ya nyingine. Aliyetuambia ni mteja. Mwenzetu aliyekuwa zamu usiku ule ameandikiwa barua ya kujieleza.

Bosi sasa anataka tununue programu ya akili mnemba ambayo itachambua arifa na kurekebisha mambo yenyewe. Mwenzangu mwingine anasema tuandike skripti ziwe zinawasha upya huduma zikianguka, basi. Mimi yote mawili yananitia wasiwasi ila sina hoja ya kusimama nayo kikaoni. Waliopitia hali hii naomba mnisaidie.

kijana_wa_rauta

Mkuu, pandisheni viwango. Asilimia 80 ni ndogo sana, wekeni 95. Kwetu kelele zilipungua siku hiyohiyo.

Dada_Mifumo

Kelele zitapungua, sikatai. Lakini mdogo wangu, prosesa ikigonga 95 saa nane za usiku, uliyemwamsha unataka afanye nini? Seva inayotengeneza ripoti za mwisho wa mwezi inatakiwa ifike huko, imewekwa pale ifanye kazi. Mtu anaamka, anaangalia, anaona ripoti zinaendelea vizuri, anarudi kulala. Mfanyie hivyo mara ishirini, ya ishirini na moja hataifungua. Ndiyo maana nasema, Zamu, mwenzenu mwenye barua msimwache peke yake. Nimeshika zamu za usiku miaka tisa na ningeikosa arifa ile kama alivyoikosa yeye. Nenda na hesabu kikaoni umtetee.

Hesabu yenyewe ni hii. Toa arifa zote za siku saba, zipange kwenye jedwali, na kila moja ijibiwe: nani alichukua hatua, na hatua gani? "Niliangalia nikaona iko sawa" isihesabiwe kuwa ni hatua. Sisi tulipofanya zoezi hili, zile ambazo hakuna aliyezigusa tulizifuta kabisa, hatukuzipandishia kiwango. Nilibishana na mkuu wangu siku mbili nzima kuhusu neno "kufuta". Hofu yake ilikuwa kwamba siku moja tutaihitaji mojawapo. Nikamwambia vipimo vinaendelea kukusanywa na grafu zipo, tunachofuta ni ile simu inayolia tu. Hapo akakubali.

Zilizobaki zilikuwa za aina mbili: za kumwamsha mtu, na za kusubiri asubuhi kama tiketi ya kawaida, yaani kazi iliyoandikwa kwenye orodha ishughulikiwe. Diski karibu zote zilihamia asubuhi. Diski msiiulize imejaa kwa asilimia ngapi, iulizeni itajaa lini. Diski ya terabaiti 4 iliyofika asilimia 90 bado ina gigabaiti 400 na inaweza kukaa hivyo mwaka mzima. Ya gigabaiti 20 inayomezwa na logi, yaani kumbukumbu ambazo programu zinajiandikia, iko asilimia 60 sasa, na alfajiri haina nafasi. Zabbix mliyonayo ina utabiri wa namna hiyo, na Prometheus, programu nyingine ya ufuatiliaji, inao pia. Tafuta vitendakazi timeleft na predict_linear.

Za kumwamsha mtu zianzie kwa mteja. Wahandisi wa Google wanaoshughulikia uthabiti wa mifumo wana ishara nne wanazoanza nazo: maombi yanachukua muda gani kujibiwa, yanakuja mangapi, mangapi yanashindikana, na mfumo umebakiza nafasi kiasi gani. Kwa mfumo wa malipo mimi ningeanza na kitu rahisi kuliko hata hicho. Wekeni malipo ya majaribio, yatoke nje ya mtandao wenu kila dakika, yapite njia ileile anayopita mteja. Yakishindikana mara tatu mfululizo, simu ya mtu wa zamu ilie kwa sauti ya kwake peke yake, isipitie lile kundi. Ya prosesa mia mbili zije zisije, hii mtaisikia.

Na ukienda kwa bosi, chukua namba hii. Huduma ikiahidiwa kupatikana asilimia 99.9 ya muda, kwa mwezi wa siku 30 inaruhusiwa kuwa chini dakika 43 hivi. Ninyi mmetumia 50 kwa usiku mmoja. Mabosi wengi niliofanya nao kazi hawajali prosesa, lakini dakika zilizobaki wanazielewa mara moja.

Kuhusu akili mnemba: sizipingi, na nimeona zinavyosaidia pale swichi moja, kifaa kinachounganisha seva na mtandao, inapokufa na seva arobaini zilizo nyuma yake zikaanza kupiga kelele zote pamoja. Ila Zabbix tayari inakuruhusu kusema kengele hii inaitegemea ile, kwamba swichi ikifa zile arobaini zinyamaze. Alertmanager ya upande wa Prometheus nayo inakusanya arifa za aina moja na kuzima zinazotokana na nyingine. Je, mmeshaitumia hiyo? Kama bado, programu mpya itapewa takataka zilezile izipange vizuri zaidi. Fanyeni usafi kwanza. Baada ya miezi mitatu, kama bado mnazidiwa, mtakuwa na hoja ya kununua na mtajua cha kuipima nacho.

Skripti ya kuwasha upya nitaizungumzia kwa sababu iliniumiza. Tulikuwa na huduma moja iliyokuwa inavujisha memori, yaani inachukua bila kuirudisha hadi inaisha. Mwenzetu akaandika skripti nzuri tu: huduma ikianguka, iwashe. Miezi minne hakuna aliyesikia chochote, na tukasema imetulia. Haikuwa imetulia. Ilikuwa inaanguka mara moja kwa siku, kisha mara tano, na wateja walipoongezeka ikawa inaanguka kila baada ya dakika chache, na kila ikiwashwa inakata kazi za watu katikati. Rekodi hazikulingana kwa wiki mbili. Nilikaa na mhasibu mmoja tukizipatanisha kwa mkono, na nilikuwa namwonea huruma kweli kwa sababu kosa halikuwa lake hata kidogo.

Tangu hapo, skripti yoyote ninayoipitisha lazima iandike kila ilichofanya mahali tunapopaona, ihesabu, na ikome. Mara tatu ndani ya saa moja, basi, isijaribu ya nne, imwite mtu. Na kila ilipowasha huduma ifungue tiketi ya asubuhi, hata kama mteja hakuona kitu, kwa sababu chanzo bado kipo. Pia nisingeandika skripti kwa tatizo ambalo bado sijalitatua kwa mkono mara kadhaa na kuandika hatua zake. Kazi za kurudiarudia mnazozifahamu vizuri, kama kusasisha programu, kufungua akaunti au kufanya upya vyeti vya usalama kabla havijaisha muda, hizo ndizo za kuipa mapema Ansible, programu ya kutekeleza kazi kwenye seva nyingi. Anzeni na --check ili mwone ingebadilisha nini kabla haijabadilisha, na tumieni serial iende seva mbili mbili, isiende sitini kwa mpigo.

Someni habari ya Knight Capital, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa. Walikuwa wanaweka programu mpya kwenye seva nane, ya nane ikasahaulika, ikabaki na msimbo wa zamani. Tarehe 1 Agosti 2012 soko lilipofunguliwa, ile moja ikaanza kutuma oda zisizotakiwa. Kwa dakika 45 walipoteza zaidi ya dola milioni 440. Kilichonishika mimi ni kilichotangulia: kabla soko halijafunguliwa, mfumo wao wenyewe ulikuwa umetuma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja hitilafu ile. Hazikuwa zimeandaliwa ziwe tahadhari, na watu hawakuwa na kawaida ya kuzisoma. Zamu, hilo si kundi lenu la simu?

mzee_wa_bakapu

Dada amemaliza, naongeza moja. Mnazungumzia arifa nyingi, mimi naogopa ile isiyokuja. GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017: mhandisi alifuta data kwenye seva kuu ya hifadhidata akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Wakakimbilia bakapu, yaani nakala za akiba, za kila siku wakakuta hakuna kitu, programu ya kuzitengeneza ilikuwa toleo lisilolingana na hifadhidata yenyewe na ilikuwa inafeli kimya. Barua pepe za kueleza kwamba imefeli zilikuwepo, ila zilikataliwa njiani na hazikumfikia mtu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kama saa sita kabla kwa kazi nyingine. Walieleza yote hadharani wenyewe, nawaheshimu kwa hilo.

Kwa hiyo geuzeni. Kazi ya bakapu ikikamilika ndiyo itume ishara, na ishara isipofika kufikia saa fulani kengele ilie. Na programu ya ufuatiliaji nayo iwe na anayeifuatilia kutoka nje, maana ikifa haiwezi kutangaza kifo chake yenyewe.

Halafu rejesheni. Bakapu ambayo hamjawahi kuirejesha msiihesabu.

Zamu_ya_Usiku

Asanteni sana. Nimekaa na lile jedwali jana hadi jioni. Siku saba, arifa 1,460. Zilizochukuliwa hatua ya kweli ni 19. Ya mfumo wa malipo ilikuwa ya 88 usiku ule. Nimeipeleka karatasi kwa bosi, akaisoma kimya, kisha akaniuliza barua ya kujieleza iliandikwa na nani. Imefutwa leo asubuhi. Ununuzi umeahirishwa, na malipo ya majaribio tunayaweka wiki hii.

Mzee, ulichosema kuhusu bakapu kilinifanya nirudi ofisini usiku. Dashibodi yetu ilikuwa kijani. Nakala ya mwisho iliyokamilika ilikuwa ya siku kumi na moja nyuma.

mzee_wa_bakapu

Kabla hujatafuta sababu, chukua nakala kwa mkono sasa hivi, uihifadhi nje ya seva hiyo. Kisha irejeshe kwenye mashine ya majaribio utuambie.

Dada_Mifumo

Na mwite mwenzako mmoja akae nawe, usiandike amri za hifadhidata peke yako saa hizi umechoka.

Zamu_ya_Usiku

Tumekaa wawili, yule mwenye barua alikuja mwenyewe. Imechukua saa mbili na nusu. Nakala imerejeshwa kwenye mashine ya majaribio, jedwali la malipo limefunguka, na rekodi ya mwisho ndani yake ni ya leo, saa tano na dakika 58 usiku.